Barua ya wazi kwa maaskofu na Sinodi ya Kanisa Anglikana la Kenya: ndiyo yenu ya 2021 ingali ndiyo?

Kwa Baba Askofu Mkuu, kwa maaskofu wote wa Kanisa letu, na kwa makasisi na walei mnaoketi katika Sinodi kwa niaba yetu.

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kutoka Rabai. Mimi ni mwalimu mstaafu, mama wa Mothers' Union, na zamu yangu ikifika huongoza ibada ya asubuhi na kuhubiri nikiwa mhubiri mlei. Sitafuti kola ya ukasisi. Umri umenipita, na hata usingenipita nisingeitaka, maana nimeona inavyowachosha wanaoivaa. Nimeshika kalamu kwa sababu kuna neno mlilolitamka mwaka 2021 mbele ya nchi nzima, kwamba mwanamke aweza kuwa askofu, na tangu Oktoba 2025 neno hilo limetiwa shaka na watu mnaoketi nao meza moja. Nataka kulisikia tena kutoka vinywani mwenu, kwa sauti ileile ya kwanza.

Mwanzoni mwa 2021, huko Bondo, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika kanisa letu. Ni mwanahistoria wa kanisa, mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha St. Paul's kule Limuru, chuo ambacho sisi wa Pwani hupenda kuwakumbusha watu kwamba kilianzia hapa kwetu Frere Town kabla ya kuhamia bara mwaka 1930. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 12 Septemba, Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere. Huyu hakuwa msaidizi wa mtu. Alikabidhiwa dayosisi, fimbo na kiti. Baba Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit ndiye aliyeongoza ibada ile, na maaskofu wakamwekea mikono. Mimi niliifuata kwenye simu ya mjukuu wangu, nikalia, kisha nikaenda kuteka maji kama kawaida.

Mlifanya hivyo mkijua mnachokifanya, na ndiyo maana niliwaheshimu. Kanisa letu limo ndani ya Gafcon, ule umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kihafidhina, tangu ulipoanza Yerusalemu mwaka 2008. Mkutano wake wa pili, ule wa 2013, tuliukaribisha sisi wenyewe pale All Saints Nairobi, na Askofu Mkuu wetu wa wakati huo, Eliud Wabukala, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Gafcon hao walikuwa wameyaomba makanisa wanachama yasiwaweke wakfu wanawake kuwa maaskofu mpaka patakapokuwa na makubaliano ya wote. Mkalisikia ombi, mkalipima, kisha mkaendelea kwa kufuata katiba ya kanisa letu na dhamiri zenu. Hamkujitoa Gafcon, wala hamkutukana mtu. Nikasema moyoni, hawa ni watu wazima.

Sasa tuje Oktoba 2025. Tarehe 3 mwezi huo ilitangazwa kwamba Sarah Mullally, wakati huo Askofu wa London, ambaye kabla ya upadre alikuwa muuguzi mkuu wa Uingereza nzima, ndiye Askofu Mkuu mteule wa Canterbury. Mwenyekiti wa Gafcon, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, akatoa tamko la kupinga. Siku chache baadaye Gafcon wakatangaza kwamba hawaitambui tena Canterbury kuwa kiungo cha Waanglikana, na kwamba wao ndio Ushirika wenyewe. Tamko lile la kwanza lilikuwa na malalamiko mawili. Moja lilihusu ndoa, na baraka zinazotolewa Uingereza kwa watu wa jinsia moja. Katika hilo msimamo wa kanisa letu unajulikana, na si jambo lililonifanya nitafute karatasi. La pili ndilo langu. Tamko lilisema kwamba Waanglikana walio wengi bado wanaamini Biblia inataka maaskofu wawe wanaume tu.

Naomba msome hayo tena polepole, mkiwa mmemwangalia Askofu wa Butere.

Yeye ni mmoja wenu. Anaketi katika nyumba ya maaskofu, anawathibitisha watoto wetu, anawawekea mikono makasisi wetu. Ikiwa Biblia inataka wanaume tu, basi uthibitisho wa watoto wa Butere una kasoro, na makasisi aliowawekea mikono wana kasoro, na ninyi mlioshiriki kumweka wakfu mlitenda kinyume cha Maandiko mbele ya kamera. Ikiwa haitaki hivyo, basi tamko lile halikuwa letu, na kuna mtu anapaswa kusema kwamba Kenya haimo katika sentensi hiyo. Hakuna njia ya tatu ambayo mimi, kwa akili yangu ya ualimu wa msingi, ninaiona. Bwana wetu alisema maneno yetu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Hakuacha nafasi ya "ndiyo tukiwa Butere, tutaona tukiwa ugenini".

Najua jinsi mambo haya mawili yalivyofungwa kamba moja. Huku chini kwenye makanisa yetu hoja husemwa hivi: Wazungu walianza na wanawake, wakaishia kwenye hayo mengine, kwa hiyo anayefungua mlango wa kwanza ameshafungua wa pili. Nimeisikia kwenye semina za KAMA, chama cha wanaume wa kanisa letu, nimeisikia kwa vijana wa KAYO, nimeisikia kwa mama mmoja mwenzangu tukipepeta mchele. Ni hoja yenye nguvu kwa sababu inatisha. Lakini historia yetu wenyewe inaikataa, nami naona uchungu kwamba historia hiyo haihubiriwi.

Nani aliyeanza kuwawekea mikono wanawake Afrika Mashariki? Si mmishonari kutoka ng'ambo aliyekuja na mawazo mapya. Katika Uganda alikuwa Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, mwaka 1983. Huyu ndiye Kivengere aliyelazimika kuikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin. Mhubiri wa toba, mtu wa msalaba, ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mlegevu wa Biblia. Aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi. Kwetu Kenya alikuwa Henry Okullu wa Maseno Kusini, aliyemwekea mikono Lucia Okuthe mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla kanisa zima halijakata shauri. Shauri lenyewe lilikuja kukatwa mwaka 1990. Okullu ndiye yule aliyesimama mimbarini kuidai serikali haki wakati wengine wetu tulikuwa tunanong'ona majumbani. Watu hawa wawili hawakuandikiwa hotuba London.

Tena mizizi inaenda chini zaidi. Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda ukapita Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, waliketi duara moja wanaume kwa wanawake. Mwanamke asiyejua kusoma alisimama akatubu hadharani, akashuhudia, na ndugu mwanamume akiwa hajatembea nuruni aliambiwa na dada usoni pake. Hakuna aliyemwambia anyamaze kwa sababu ya jinsia yake, maana wote waliamini damu ya Yesu imesawazisha pale msalabani. Nimelelewa na watu wa namna hiyo. Kivengere alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Alipowawekea mikono wanawake alikuwa akiandika kwenye vitabu vya kanisa kile ambacho Roho alikuwa amekifanya kwenye ushirika kwa miaka zaidi ya arubaini.

Na matunda tunayaona. Uganda wana makasisi wanawake. Rwanda ya Askofu Mkuu Mbanda mwenyewe ina makasisi wanawake. Je, makanisa hayo yamebadilisha fundisho lao la ndoa? Hayajabadilisha hata nukta. Basi hiyo kamba inayodaiwa kufunga mambo haya mawili ilifungwa na nani? Ikiwa mnataka kubishana na Canterbury kuhusu ndoa, bishaneni, mna hoja zenu na mna haki ya kuzitoa. Ila msipande juu ya migongo ya dada zetu ili mwonekane warefu.

Upande wa Maandiko sitakaa sana, maana mmesoma kuliko mimi. Ninayoijua ni Biblia yangu ya Kiswahili, iliyochakaa mgongo. Paulo katika 1 Wakorintho 14 anasema wanawake wanyamaze katika kanisa, na sura tatu kabla ya hapo, 11:5, anaelekeza namna mwanamke anavyopaswa kujifunika kichwa anapoomba na kuhutubu. Mtu hatoi maelekezo ya mavazi kwa kazi aliyoipiga marufuku. Warumi 16 ina salamu, na wanawake ninaowahesabu humo ni kumi: Fibi aliyekabidhiwa kwa kanisa la Rumi, Priska anayetajwa kabla ya mumewe Akila, Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persisi, mamaye Rufo, Yulia, na dada yake Nerea. Huyo Priska ndiye aliyemchukua Apolo, msemaji hodari, yeye na mumewe, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye Mariamu Magdalene alitumwa na Bwana mwenyewe asubuhi ya ufufuo kwenda kuwaambia wanaume waliokuwa wamejifungia.

Naijua 1 Timotheo 2:12, na sitajifanya haipo. Wapo ndugu zangu wapendwa wanaoisoma hivyo ilivyoandikwa na kulala usingizi wakiwa na amani, nami siwaiti wabaya. Kanisa Katoliki limesema wazi: Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, akafunga mjadala. Sikubaliani, lakini najua mlango uko wapi na kitasa kiko wapi. Dada zangu Wakatoliki hapa jirani hawaahidiwi kitu halafu wakanyimwa. Anglikana wa Tanzania nao wameacha kila dayosisi iamue, na zile zenye asili ya UMCA, misheni ya kale yenye mwelekeo wa Kikatoliki, zinajulikana kwa msimamo wao wa kukataa. Sisi tulisema ndiyo. Tulisema ndiyo kwa ushemasi, kwa ukasisi, kisha kwa uaskofu. Kinachonisumbua ni maisha ya wanawake wanaoishi chini ya ndiyo hiyo.

Hapa naomba mniwie radhi, maana nitasema mambo ya nyumbani.

Katika parokia moja ambayo sitaitaja, kasisi mwanamke alipangiwa kuongoza maziko ya mzee mashuhuri. Familia ikaja usiku kusema kwamba mzee hawezi kuzikwa na mwanamke, watu watasemaje? Wakubwa wa eneo wakajadiliana kwa simu, wakaona amani ni bora. Kasisi akaombwa "aelewe". Akaelewa. Akaketi kwenye viti vya waumini, na aliyesimama kaburini alikuwa shemasi kijana ambaye kasisi huyohuyo ndiye aliyekuwa akimfundisha kazi. Baada ya maziko akina mama tulimpelekea chai nyumbani. Hakulalamika. Aliuliza tu kama maji ya moto yamebaki.

Jambo hilo halikuandikwa popote. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna kikao kilichoamua kwamba wanawake wasizike. Ndivyo ndiyo inavyogeuka siyo bila mtu kuitamka. Hutokea kwenye upangaji wa vituo, pale ambapo mwanamke hupelekwa kuwa kasisi wa shule au wa hospitali mwaka hadi mwaka, na akipewa parokia huwa ni ile ya mbali ambayo sadaka yake haitoshi hata kununua mafuta ya pikipiki. Hutokea kwenye mahojiano: "Mume wako amekubali? Watoto utawaacha na nani? Ukipata mimba nani atashika meza?" Mimi nimezaa watoto watano huku nikifundisha darasa la watoto hamsini, na Tume ya Walimu haikuwahi kuniuliza nani atashika chaki. Hutokea pia kwenye kamati za kupendekeza majina. Huko mtu hakataliwi; jina lake hukosa tu mtu wa kulisema, na kikao kikaisha kwa maombi.

Na hutokea kwa mzaha. Mwaka 2021 nilisikia hoja nyingi kuhusu Butere, lakini iliyorudiwa kuliko zote haikutoka kwenye Biblia. Ilikuwa hii: "Sasa mumewe tutamwita nani?" Kwa desturi yetu mke wa askofu ndiye mama wa akina mama wote wa dayosisi, basi watu wazima wenye shahada zao wakaketi wakishangaa mume wa askofu atawekwa wapi siku ya mkutano wa Mothers' Union. Kanisa lililostahimili siasa za chama kimoja likaja kukwama kwenye mpangilio wa viti.

Wengine husema wanawake wenyewe ndio hawataki kuongozwa na mwanamke, eti hatupendani. Kila nikisikia hivyo huwa natafuta aliyetuuliza. Huku kwetu, askofu akija kwa uthibitisho, wanaoshinda usiku jikoni ni sisi. Wanaofua vitambaa vya meza ni sisi. Mabati ya kanisa la mtaani kwetu yalinunuliwa kwa mchango wa akina mama waliouza maembe na makuti. Wagonjwa wanaotembelewa siku za kazi hutembelewa na sisi, kwa sababu mwenye pikipiki ya kanisa yuko semina. Tunaongozana sisi kwa sisi kila siku ya Mungu, na bado tunaambiwa hatuwezani.

Kuna na hoja ya mila. Hii inanigusa zaidi kwa kuwa mimi ni Mmijikenda, na kaya zetu huongozwa na baraza la wazee wanaume. Siwezi kudanganya kwamba sivyo. Lakini hebu tazameni kanisa lilivyozichambua mila zetu. Tulipobatizwa tuliambiwa tuache tambiko. Jirani zetu Wagiriama wakaambiwa waache kusimika vigango vya wafu wao. Tukaambiwa tuache tembo la mnazi kwenye matanga, tuache ngoma za mazishi za usiku kucha, mume aache wake wengine abaki na mmoja. Tukaacha, au tulijaribu. Mila moja tu haikuguswa, ile ya mwanamke kukaa nyuma, na sasa inaletwa mbele yetu kama urithi mtakatifu. Kama mila ni hoja, turudishieni zote tuchague upya.

Tena hiyo mila yenyewe haijanyooka hivyo. Mwaka 1913, Wagiriama walipotakiwa kutoa vijana wao wakafanye kazi za Waingereza, aliyezunguka vijijini akiwaapisha watu wasikubali alikuwa Mekatilili wa Menza. Serikali ikamkamata ikampeleka hadi nchi ya Kisii, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Nasi tulio pembeni mwa Kwale tumeona mwaka 2022 wananchi wa kaunti yenye Waislamu wengi wakimchagua Fatuma Achani kuwa gavana, wa kwanza mwanamke hapa Pwani. Mwaka uleule wa Bondo na Butere, Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu. Sisemi kanisa lifuate dunia. Nasema tu kwamba maaskofu wanaposimama kuwahimiza wabunge watimize ile kanuni ya Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isishike zaidi ya theluthi mbili ya viti, mimi hujikuta natazama picha ya maaskofu hao gazetini na kuhesabu.

Hata kaburi la kwanza la misheni yetu ni la mwanamke. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo mkewe Rosine akafa na mtoto wao mchanga. Amelala Nyali. Miaka miwili baadaye Krapf na Rebmann wakapanda hapa Rabai. Kila sikukuu ya kumbukumbu wageni huletwa kwetu kwa mabasi, na hotuba huwa za Krapf na Rebmann, Krapf na Rebmann, hadi watoto wa shule huyaunganisha majina kama ya mtu mmoja. Rosine hutajwa kwenye sala, kama atatajwa.

Wanawake wa Kenya wenye karama hawakukaa wakisubiri, na hili lingepaswa kuwanyima usingizi kuliko tamko lolote la Gafcon. Gaudencia Aoko alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kanisa la Legio Maria mwaka 1963, akiwabatiza watu kwa maelfu. Katika miji yetu Margaret Wanjiru alijenga kanisa lake, akaitwa askofu, akaenda hadi Bungeni. Teresia Wairimu naye amejaza viwanja. Mnaweza kuyahoji mafundisho ya baadhi yao, hata mimi nayahoji. Lakini wanaojaza viti vya makanisa hayo ni mabinti zetu, waliokuzwa katika Sunday School zetu, waliojifunza Zaburi kwetu, kisha wakaona karama zao hazina pa kukaa. Halafu tunafanya semina kuuliza vijana wanaenda wapi.

Basi ombi langu ni hili, nalo si kubwa. Nyumba ya maaskofu itoe tamko fupi, hata la ukurasa mmoja, liseme kwamba katika Kanisa Anglikana la Kenya swali la mwanamke kuwa askofu lilishaamuliwa, kwamba Emily Onyango na Rose Okeno ni maaskofu kamili bila nyota wala tanbihi, na kwamba wajumbe wetu wataisema hivyo Kigali, Abuja au popote watakapoketi. Mkiwa na shaka na uamuzi wenu, semeni hivyo pia, tujue. Makasisi wetu wanawake wamestahimili mengi, wataustahimili ukweli.

Kisha agizeni kwamba kasisi aliyepangiwa ibada na mwenye mamlaka habadilishwi kwa sababu familia au baraza la parokia limekataa jinsia yake. Asiyetaka kuzikiwa na kasisi wa kanisa lake ana uhuru wa kutafuta mwingine nje ya kanisa. Inaonekana ukali, lakini kwa kasisi wa kabila lingine tulishafanya hivyo, na watu walizoea.

Na kwa kuwa kila Sinodi ya dayosisi husomewa hesabu ya sadaka na madeni, isomewe pia hesabu ya makasisi wanawake: wangapi wanaongoza parokia, wangapi ni arkidikoni, wangapi wako kwenye kamati ya kupendekeza majina ya askofu. Isomwe kwa sauti na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Dayosisi ambayo nambari yake ni sifuri isimame ieleze, kama inavyosimama dayosisi iliyoshindwa kutuma michango ya makao makuu.

Jibu lenu, mkiliandika, lisomwe makanisani Jumapili baada ya matangazo, kama zinavyosomwa barua zenu za kichungaji, maana wengi wa akina mama ninaowasemea hawana simu za kulipokea.

Wenu katika huduma ya Bwana,

Mama wa Mothers' Union,
Rabai, Kaunti ya Kilifi.